Kama Lilivyotoka

Nafanya kazi ya samani zilizotumika. Mtumishi akihamishwa, mwalimu au muuguzi, gari la kuhamia halimezi kila kitu, kwa hiyo anaacha meza, anaacha stuli, wakati mwingine anaacha kitanda kizima na chaga zake. Mimi navichukua, navileta barazani kwa mama hapa Tlawi mlimani, navipiga msasa, naziba nyufa kwa gundi iliyochanganywa na unga wa mbao, napaka rangi au vanishi, nauza tena. Watu wananiita fundi. Sijui kama nastahili. Sikusomea useremala, na ukinipa mbao mbichi uniambie nitengeneze kiti, kitasimama kwa miguu mitatu na wa nne utakuwa hewani. Niliishia darasa la saba. Ninachojua nimekiona kwenye simu.

Huku ukungu ukishuka asubuhi rangi haikauki, kwa hiyo asubuhi ndiyo nafasi yangu ya kutazama. Nakaa jikoni karibu na mafiga, bando likiwepo, natazama mikono ya watu wa nchi za mbali. Nasema mikono kwa sababu maneno yao siyaelewi. Kwao nilijifunza kwamba msasa hufuata mshipa wa mbao, haukati mshipa. Nilijifunza kwamba droo inayokwama hupakwa mshumaa. Kuna akina mama wa mijini kwetu hapahapa nao wanaweka kazi zao, kabati bovu upande huu, kabati lililopona upande ule, na chini wanaandika kwa Kiswahili: limepata maisha mapya. Hao nawapenda zaidi, ingawa wakati mwingine nikimaliza kuwatazama naona aibu kurudi kwenye brashi yangu.

Lakini lipo kundi moja ambalo sikulielewa. Ni wale wanaozeesha. Wanachukua meza mpya, wanaipiga kwa mnyororo, wanaipaka siki iliyolazwa na stilwaya ya kusugulia masufuria ili mbao ipate uzee, wanafuta rangi kwenye kona ionekane imeguswa na watu wengi. Mama alimkuta mmoja kwenye simu yangu akiichapa meza. Akasimama kutazama na kikapu chake mkononi.

"Huyo ana hasira na nani?"

"Hana hasira, mama. Anataka ionekane ya zamani."

"Amwambie mwenye nayo asubiri," mama akasema, akatoka kwenda kuchuma mboga.

Mdogo wangu ameolewa Gehandu, upande wa Hanang, chini kule kwenye jua. Watu wa mume wake ni Wabarbaig, wafugaji ambao sasa wanalima pia, na dini yao ni ya wazee wao. Sisi ni watu wa mlimani na wa kanisa. Nataka kusema kweli hapa: hakuna aliyempinga, si kwetu wala si kwao, na shemeji yangu ni mtu mpole. Shida, kama ni shida, ni lugha. Kiiraqw chetu wao hawakijui, Kibarbaig chao sisi hatukijui, kwa hiyo tangu siku ya posa tumekuwa tukizungumza Kiswahili, ambacho si cha kwao wala si cha kwetu. Tunakizungumza kama watu wanaovuka mto kwa kukanyaga mawe. Kila neno tunalijaribu kwanza kwa ncha ya mguu.

Siku ya sendofu, sherehe ya kumuaga, mama alimpa kabati la vyombo. La mbao za paini, vanishi ya kahawia, milango miwili ya vioo, na fundi alikuwa amebandika maua ya karatasi kwenye kona za vioo. Mdogo wangu alitaka la kijani. Mama alimwambia kabati la kijani ni la zahanati. Basi likaenda la kahawia, likakaa Gehandu, mdogo wangu akapata watoto watatu mbele yake.

Halafu akanipigia simu.

"Dada, mchwa wamekula mguu wa kabati."

"Sana?"

"Ukiligusa linakuitikia. Na ile meza uliyoweka stetasi nimeiona. Ile rangi."

"Ile ya kijani?"

"Hiyohiyo. Nitengenezee na mimi." Kisha akasema kama anayeomba radhi: "Nataka kitu kimoja humu ndani ambacho nimekichagua mimi."

Mume wake alikubali. Siku ya mnada lilikuwepo lori lililoshusha viazi na lilikuwa linapanda tena huku, na yeye mwenyewe shemeji aliinua upande mmoja wa kabati kuliweka juu. Nimeambiwa na mdogo wangu, na baadaye hata shemeji mwenyewe aliniambia, kwa hiyo hilo ni kweli. Aliliinua kwa mikono yake, mchana, watu wote wa mnada wakiona.

Sasa katika jambo hili sisi na wao tunafanana. Vyombo vya mwanamke vikionekana juu ya gari vinaelekea kwao, hakuna anayeuliza vinaenda kufanya nini. Wanauliza ugomvi ulianza lini. Sijui kwa nini hatukulifikiria hili, mimi, yeye, wala mume wake. Labda kwa sababu sisi tulijua ni mchwa.

Nililifungua milango, nikang'oa bawaba, nikalisugua lote mpaka likabaki jeupe. Nikakata mguu uliooza na kuunganisha mwingine. Rangi ya kwanza ilipokauka nikalipiga picha, nikamtumia. Kijani kile kwenye mwanga wa ukungu kilikuwa kizuri, naweza kusema hivyo bila kujisifu, kwa kuwa sikukitengeneza mimi, kilitoka kwenye kopo.

Yeye kwa furaha akaiweka picha kwenye stetasi yake. Chini yake akaandika kama wanavyoandika wale akina mama wa mijini: *Limerudi nyumbani. Maisha mapya.*

Dada wa mume wake, wifi yake, aliiona. Mimi simlaumu yule binti. Mtandao wa kule ni wa kubahatisha, na picha haikufunguka, likabaki lile duara linalozunguka tu. Yeye aliyapata maneno. Na Kiswahili cha huku kwetu sote hakishiki sana hizi herufi za mwanzo wa neno, mtu anasema mbuzi limekufa, gari amefika, na tunaelewana. Kwa hiyo alichosoma ni kwamba mke wa kaka yake ametangaza kwenye simu, kwa watu wote, kwamba kurudi nyumbani kumefanyika na maisha mapya yameanza. Na kabati lilikuwa limeonekana juu ya lori. Akamwambia mama yake. Mama yake akawaambia wazee.

Shemeji alirudi kutoka machungani akakuta wazee wamekaa kwake wanamsubiri. Wakamuuliza kwa nini mke wake amewaambia watu wa simu kabla ya kuwaambia wao. Akaingia ndani akamuuliza mke wake, na mke wake akacheka. Mdogo wangu mwenyewe anasema alicheka. Alidhani ni utani. Mwanaume aliyetoka kuulizwa na wazee, halafu anachekwa, naye ana kikomo. Akasema:

"Basi fuata kabati lako."

Na mdogo wangu, ambaye tangu utoto akiambiwa ruka anaruka, akambeba mtoto wa mwisho, akawaacha wale wawili wakubwa, akalifuata.

Alifika adhuhuri, ukungu haujainuka. Mama alikuwa anapepeta maharage. Hakusimama.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Umekuja kutusalimia?"

"Nimefuata kabati."

Mama akaendelea kupepeta. Mtoto akaanza kulia kwa baridi, mimi nikamchukua nikaenda naye jikoni, na ninaandika hivi kwa sababu sikuwepo kusikia yaliyofuata. Niliporudi wote wawili walikuwa wanapepeta.

Kuanzia hapo akawa analala na mimi. Asubuhi alikuwa anasimama barazani, simu mkononi, anatafuta mtandao wa kuongea na mabinti zake. Mara nyingi haikupokelewa. Ilipopokelewa, alikuwa ni mkubwa, ana miaka ya shule ya msingi, na alikuwa akiuliza swali lilelile: "Mama, kabati bado halijapona?" Watoto ndio walioamini tangu mwanzo kwamba ni habari ya kabati.

Majirani hawakuchelewa. Mama mmoja tunayesali naye alipita njiani na mzigo wa kuni, akaniambia kwa sauti ya kusikika mpaka ndani: "Fundi, siku hizi unatengeneza vyombo pamoja na wenye vyombo?" Nikacheka. Mimi sijaolewa, nimezoea kuitwa fundi wa vyombo vya wenzangu, maneno hayo yananipita. Lakini ndani nilisikia kikombe kimewekwa mezani taratibu sana, na nikajua aliyekiweka amesikia.

Sikuligusa kabati siku hizo. Lilisimama barazani nusu kijani, milango imelala pembeni. Niliona kama nikiendelea kulipaka nitakuwa nampaka na yeye abaki.

Mshenga wao alikuja siku ya jua kidogo. Ni mzee mrefu, na fimbo, na blanketi lake begani. Nilimwamkia, akaitikia, akaangalia mlima akaangalia ukungu uliobaki.

"Huku kwenu baridi inakula masikio," akasema. "Sasa naelewa. Kabati halikutoroka. Lilikuja kutafuta maziwa ya moto."

Mama akacheka, na mimi nikashukuru, kwa sababu hakuwa amecheka tangu mdogo wangu afike. Tukampa chai. Alipomaliza akaomba kuliona. Akalizunguka, akainama akaona milango chini, akaona mbao tupu upande wa nyuma ambako rangi haikufika.

"Hili ndilo?"

"Ndilo, mzee."

"Limevuliwa nguo."

"Linatengenezwa, mzee."

"Mmh," akasema. Akarudi kukaa. Kisha akaweka fimbo magotini na kuzungumza polepole, neno kwa neno, kwa Kiswahili kilichopangwa tangu njiani. Alisema wazee hawana neno na binti. Alisema mume wake alisema maneno ya hasira, na hasira imekwisha. Watoto wanamlilia mama yao. Arudi. Na kabati lirudi.

"Lakini," akasema, "lirudi kama lilivyotoka."

"Kama lilivyotoka," mama akasema.

"Kama lilivyotoka."

Alilisema mara mbili, kama muuguzi anayekuambia dawa unywe vipi. Na sisi tukaitikia mara mbili. Hakuna aliyeuliza. Kumuuliza mzee aliyetembea mbali hivyo maana ya neno la Kiswahili lililo wazi, ingekuwa kama kumwambia kwamba Kiswahili chake hakieleweki, au kumwonyesha kwamba cha kwetu hakitoshi. Watu wenye lugha yao wanaulizana. Sisi tuliogopa.

Alipoondoka mama akasimama mbele ya kabati.

"Umesikia. Lirudi la kahawia."

"Labda ana maana nyingine, mama."

"Maana gani? Lilitoka la kahawia. Lirudi la kahawia. Hawataki mambo ya maisha mapya."

Nilimtazama mdogo wangu. Alikuwa anakwangua kwa ukucha tone la kijani lililoangukia sakafuni.

"Fanya, dada," akasema. "Watoto wangu wako kule."

Nikafanya. Kutoa rangi ya mafuta iliyokwisha kukauka ni kazi ya kuchosha roho, maana unaondoa kitu ulichokipenda. Nilikwangua, nikafuta kwa tina ya kuyeyushia rangi, nikapiga msasa, likabaki jeupe tena. Nikapaka vanishi ya kahawia. Na hapo nikaona tatizo jipya: lilikuwa linang'aa kama limetoka dukani. Mama akasema wataona tumewabadilishia, lile la kwao tumeuza. Nikaona huenda anasema kweli.

Ndipo nikarudi kwa wale wazeeshaji. Safari hii niliwatazama kwa makini, nikirudisha nyuma, nikisimamisha picha kwenye mikono yao. Nikalaza stilwaya kwenye siki. Nikachemsha majani ya chai mpaka yakawa meusi. Nikachukua mnyororo wa mbwa. Mdogo wangu alikaa pembeni yangu na mtoto, akawa ananielekeza.

"Hapa juu kuna duara la chupa ya chai."

"Ukubwa gani?"

"Ngoja." Akaenda akaleta ya mama, akaiweka. "Sogeza kidogo ukutani. Hapo."

Nikalichora lile duara kwa chai nyeusi.

"Hapa pana mkwaruzo. Mkubwa alijifunza herufi ya kwanza ya jina lake kwa msumari, nikamchapa. Haikuisha, iliishia katikati." Nikaikwaruza na kuiacha katikati. "Hapa kibatari kiliunguza. Na hapa karibu na kitasa pamekuwa peupe, ni mkono wangu. Hapa naegemea nikisubiri maji yachemke."

"Unaegemea na bega au na mkono?"

Akasimama, akaegemea hewa, ili aone mwenyewe. Tukacheka wote wawili. Nadhani ilikuwa mara ya mwisho kucheka vile. Nikafuta vanishi pale ambapo bega lake lingegusa. Maua ya karatasi tuliyapata Mbulu mjini, si yaleyale, lakini ni maua. Kwenye ule mguu mpya, mzima, nilitoboa matundu kwa msumari, moja moja, yafanane na ya mchwa. Wakati natoboa nilijiambia kwamba hakuna fundi duniani aliyewahi kufanya ujinga huu. Lakini pia niliona linafanana, na mkono wangu uliona fahari, siwezi kuficha.

Lilipokauka mdogo wangu alilizunguka.

"Ndilo lenyewe," akasema.

Kisha akaenda kukusanya nguo za mtoto.

Siku lori lilipopatikana kulikuwa na manyunyu. Nilihofia vanishi, nikalifunika kwa turubai, nikalifunga kamba kila upande. Yeye alikaa mbele na dereva, mtoto mapajani. Mama alimpa maharage kwenye kiroba. Baadaye alinipigia kusema wamefika, giza linaingia, watu wa mnada wamekwisha kutawanyika, na mabinti wamemng'ang'ania mpaka kanga imechanika. Nikafurahi. Nikasema moyoni, basi, hii imekwisha vizuri, kwa mara moja nimefanya kitu kikafaa.

Nilishuka kwenda kuwasalimia mbaazi zilipokwisha kuvunwa. Mama mkwe wake alinipokea. Ni mwanamke mdogo wa mwili, bangili za shaba mkononi, Kiswahili chake kifupi kuliko cha wengine pale.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Wewe ndiye fundi?"

"Ndiyo mama. Najaribu."

Akanishika mkono, akanipeleka ndani mpaka mbele ya kabati. Vyombo vilikuwa vimepangwa vizuri. Akagusa ule mguu wenye matundu ya msumari.

"Fundi gani wewe? Kabati linakwenda kwa fundi, linarudi mguu umeliwa."

Nikasema ule mguu ni mzima, ndani ni mzima kabisa, matundu ni ya kutengeneza. Akanitazama kama mtu aliyesikia vibaya.

"Sisi tulingoja rangi," akasema. "Kila siku watoto wanauliza, rangi gani, rangi gani."

"Mama, mzee alituambia lirudi kama lilivyotoka."

"Ndiyo. Nilisema mimi. Lilitoka vipi? Mchana. Juu ya gari. Wazi. Watu wa mnada wote wakaona, wakasema, aa, huyu anaondoka. Basi lirudi hivyohivyo, mchana, wazi, waone rangi, waseme, aa, kumbe lilikwenda kwa fundi." Akaweka kiganja kwenye kioo. "Nyinyi mmelileta jioni. Mmelifunika kama maiti. Na likifunuliwa ni lilelile. Sasa sisi tutasema lilikwenda kufanya nini?"

Rangi ile ndiyo ilikuwa shahidi wa pekee wa mdogo wangu, na mimi ndiye niliyeikwangua, kwa uangalifu wote nilionao, mpaka kwenye kona za ndani. Nimejaribu kugawa kosa kwa haki. Wao wangeweza kusema neno moja zaidi. Sisi tungeweza kuuliza neno moja. Mzee alilileta neno kama alivyopewa, na hiyo ndiyo kazi ya mshenga. Nikimaliza kugawa nakuta kila mmoja ana kipande kidogo tu, hakimtoshi mtu kukasirikia, na bado jambo lenyewe ni kubwa.

Yule mama hakunigombeza. Alinipa maziwa kwenye kibuyu, akanikalisha kwenye kigoda chake mwenyewe. Shemeji alikuja, akaniamkia, akasema kwa upole tu: "Shemeji, mimi niliwaambia wazee, subirini, likija la kijani wote watanyamaza." Akacheka kidogo, akaangalia chini.

Wanachosema watu wa Gehandu ni hiki: kwamba mdogo wangu alirudishwa kwao na vyombo vyake, akakaa, akabembelezwa, akarejeshwa jioni chini ya turubai watu wasione. Ushahidi wote upo upande wao. Bombani wanawake wakimwona wanapunguza sauti. Binti mkubwa ameulizwa na wenzake shuleni kama baba yake ataoa mwingine. Mdogo wangu aliniambia haya tukiwa nje nyuma ya zizi, anakata nyasi za ndama, bila kunitazama.

"Nitakuja na rangi," nikamwambia. "Nalipaka hapahapa. Watu waone."

"Hapa nje?"

"Nje, mchana, mbele ya kila mtu. Si ndivyo mama mkwe alivyotaka?"

"Alitaka wakati ule." Akafunga nyasi. "Nikitoa vyombo nje sasa, kabla hujafungua kopo watakuwa wamefika wazee kuniuliza nakwenda wapi."

"Basi ndani. Mlango umefungwa."

"Na siku wakiliona limebadilika watasema tumeficha nini." Akanyanyua mzigo akauweka kichwani. "Acha, dada. Likae."

"Ulisema unataka kitu kimoja ulichokichagua."

"Nilichagua kurudi kwa watoto wangu," akasema. "Hicho ni kimoja."

Hakusema kwa uchungu. Ningependa angesema kwa uchungu. Alisema kama mtu anayetaja mahali chumvi ilipo.

Nilipokuwa naondoka nilikumbuka sijaona stetasi yake siku nyingi, nikamuuliza. Akasema ameacha mambo hayo, na simu siku hizi anamwachia mume wake anapokwenda machungani, ina kazi zaidi kule kuliko nyumbani. Hakusema amenyang'anywa. Alisema anamwachia, na nimeandika alivyosema.

"Sasa mimi nitakupataje?"

"Wewe piga tu," akasema. "Akiwa karibu atanipa."